Dripu Nyeupe na Uji wa Mrija: Mafuta ya Mgonjwa Asiyeweza Kumeza

Mgonjwa asiyeweza kumeza anaporudishwa kwetu Isansa, Mbozi, kutoka hospitali, mara nyingi huja na mrija uliopita puani hadi tumboni, au uliopenyezwa moja kwa moja kupitia ngozi ya tumbo, pamoja na maelekezo ya muuguzi yaliyotolewa harakaharaka gari likiwa linasubiri. Baadhi ya wagonjwa hawa wamepigwa kiharusi. Wengine wana saratani ya umio, maradhi yanayouandama ukanda wote wa mashariki ya Afrika kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, nasi wa nyanda za juu kusini tumo ndani yake. Wiki haiishi kabla mtu hajamtazama mgonjwa, akaona mashavu yalivyobonyea, akauliza: mbona hamumtundikii dripu ya nguvu?

Swali hilo lina jibu. Wewe unayemuuguza unapaswa kulijua kabla binamu hajarudi kutoka Tunduma na chupa mkononi.

Anza na hesabu. Chupa ya nusu lita ya dekstrozi ya asilimia 5, ile inayotundikwa kila mahali, ina gramu 25 za sukari. Hizo ni kama vijiko sita vya chai, na kalori zake hazifiki 100. Mtu wa kilo 50 aliyelala kitandani anahitaji kalori kati ya 1,250 na 1,500 kwa siku. Ukitaka kumshibisha kwa dekstrozi hiyo utamtundikia zaidi ya chupa kumi na mbili, na moyo na mapafu yatafurika maji kabla hujafika hapo. Maji ya chumvi hayana kalori hata moja. Dripu ya Ringa inakaribia kuwa hivyohivyo. Dripu hizi huokoa maisha ya mtu anayeharisha, aliyepoteza damu au aliyekaukiwa maji, ila hazimlishi mtu.

Iko dripu inayolisha kweli. Ni nyeupe kama maziwa, na nyeupe hiyo ni mafuta.

Mafuta yaliyo ndani ya mshipa

Mafuta ya kawaida yakiingia kwenye damu huua. Karne ya 17 Mwingereza William Courten alimdunga mbwa mafuta ya zeituni mshipani, na mbwa akafa. Kinachotokea si fumbo: tone la mafuta huenda na damu hadi kwenye mapafu, hukuta mishipa myembamba kuliko lenyewe, huziba. Mapafu yakizibwa matone mengi kwa wakati mmoja, pumzi hukatika.

Ikachukua karibu miaka mia tatu kupata njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Arvid Wretlind, alitoa mchanganyiko wa mafuta ya soya uliotengenezwa kwa kuyapasua mafuta hadi yakawa vitone vidogo kuliko elfu moja ya milimita, kila kitone kikivishwa utando wa mafuta ya kiini cha yai ili kisishikane na mwenzake. Kabla yake, Marekani walikuwa wamejaribu mafuta ya mbegu za pamba. Wagonjwa walipata homa, manjano na kutokwa damu, na dawa hiyo ikaondolewa. Ya Wretlind ikadumu, na jina lake la kibiashara, Intralipid, lipo madukani mpaka leo. Hata ile dawa nyeupe ya usingizi inayotumika vyumba vya upasuaji, propofol, imebebwa na mchanganyiko wa namna hiyohiyo.

Usalama wa dripu hii yote unakaa kwenye vile vitone. Vikibaki vidogo na vimetengana, damu huvipokea kama inavyopokea mafuta yatokayo kwenye utumbo baada ya mlo. Vikiungana, umerudi kwa mbwa wa Courten. Na mambo yanayoviunganisha ni ya kawaida sana: mfuko kuganda kwa baridi kali, kuachwa kwenye gari lililopigwa jua kutwa, kuongezewa dawa au madini ambayo kiwanda au mfamasia hakuyapangia, au kukaa muda mrefu baada ya kuchanganywa. Mfuko ukionyesha utando mzito juu kama krimu, na ukigeuzwa taratibu ukarudi kuwa sare, bado unaweza kutumika, mfamasia akikubali. Ukiona vitone vya njano vinaelea au mstari wa mafuta kando ya mfuko, huo umeharibika. Usiutikise, usiuchuje, usiutumie.

Ikiwa mgonjwa wako amewekewa dripu hii wodini, iwe Mbeya, Dar es Salaam au kwingineko, una haki ya kuuliza, na maswali yako hayamkosei adabu muuguzi. Uliza kwanza kuhusu kasi. Kipimo kinachofuatwa na wengi kwa mtu mzima ni kutovuka gramu 0.11 za mafuta kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kwa mtu wa kilo 50 na dripu ya asilimia 20, hizo ni kama mililita 27 kwa saa, kwa hiyo mfuko wa mililita 250 hauishi chini ya saa tisa. Ndugu anayekisogeza kigurudumu cha dripu ili iishe mapema mgonjwa apumzike anafanya jambo la hatari kubwa. Mafuta yakizidi uwezo wa mwili kuyaondoa kwenye damu, mgonjwa hupanda homa, hupumua kwa shida, ini huvimba, na damu huanza kukataa kuganda.

Pili, uliza kama amepimwa mafuta ya damu, yaani trigliseridi, kabla na baada ya kuanza. Tatu, sema wazi ikiwa mgonjwa anadhurika na mayai, soya au karanga, maana viwili vya mwanzo vimo ndani ya mfuko, na karanga ni jamaa wa soya. La nne ni saa. Dripu ya mafuta peke yake ikishatobolewa haipaswi kuning'inia zaidi ya saa 12. Ikiwa imechanganywa na sukari na protini katika mfuko mmoja, mwisho ni saa 24. Sababu ni vijidudu: bakteria na fangasi hustawi ndani ya mafuta hayo kuliko ndani ya maji ya sukari.

Kwa nini wengine hulishwa kwa mshipa nyumbani, na kwa nini si hapa

Ni kweli wapo watu wanaolishwa kwa mshipa majumbani mwao kwa miaka mingi. Mwaka 1970, Toronto nchini Kanada, daktari Khursheed Jeejeebhoy alianza kumlisha hivyo mwanamke aliyepoteza utumbo wake, naye akaishi nyumbani kwa takriban miaka 20, akila usiku kupitia mshipa. Leo Uingereza, Ufaransa, Marekani na nchi nyingine tajiri wapo maelfu. Karibu wote ni watu ambao utumbo wenyewe haufanyi kazi: umekatwa, umekufa kwa kukosa damu, au umeharibiwa na maradhi. Mtu aliyezibwa umio si mmoja wao. Utumbo wake mzima uko salama chini ya kizuizi, una njaa, unasubiri.

Hata huko, mafuta ya mshipani hayakuwaacha salama wote. Uchunguzi wa wagonjwa 90 wa nyumbani nchini Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba waliopata gramu moja au zaidi ya mafuta kwa kila kilo ya mwili kwa siku ndio walioelekea zaidi kuharibika ini. Tangu hapo madaktari wengi huyabana mafuta ya soya yasifike gramu moja, na huchanganya mafuta ya soya, nazi, zeituni na samaki. Watoto wachanga ndio waliopigwa vibaya kuliko wote. Katika hospitali ya watoto ya Boston, Mark Puder na Kathleen Gura waliwabadilishia watoto wenye manjano mafuta ya soya kwa mafuta ya samaki na kuona maini yakipona, na mwaka 2018 Marekani ikayaidhinisha mafuta hayo kwa watoto wa namna hiyo. Kuyaondoa mafuta kabisa nako hakufai. Mwili hauwezi kujitengenezea baadhi ya mafuta, na asiyepata hata kidogo hupauka ngozi ikawa magamba, nywele zikanyonyoka, vidonda vikakataa kufunga.

Sasa angalia kinachomzunguka mgonjwa wa London anayelala na dripu yake. Ana mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Amefundishwa kwa wiki kadhaa kuufungua na kuufunga bila kuugusa penye uwazi. Ana pampu, kichujio chenye matundu ya mikroni 1.2, jokofu la dawa pekee linalokaa kati ya nyuzi 2 na 8, vipimo vya damu vya kila baada ya wiki au miezi, na namba ya simu inayopokelewa saa nane usiku. Ondoa kimoja tu na kinachobaki kinaua. Umeme wetu unakatika, na maabara ya kuotesha vijidudu vya damu si ya kila kituo. Kwa hiyo ushauri wangu hauna pembe: kama mtu yeyote, hata mwenye koti jeupe, anapendekeza kumtundikia mgonjwa wako dripu nyeupe nyumbani Isansa, kataa. Na chupa iliyopita njia za panya pale mpakani Tunduma, isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, isiyojulikana ililala wapi na kwa joto gani, ikataliwe mara mbili.

Hali moja ni tofauti. Huenda una ndugu anayeishi ng'ambo, tayari yuko kwenye lishe ya mshipani, naye anataka kuja kuwasalimu wazee. Anaweza kuja, timu yake ikimpangia. Ipo mifuko yenye vyumba viwili au vitatu inayohifadhiwa chini ya nyuzi 25 bila jokofu hadi ifunguliwe, na hali ya hewa ya Mbozi inaisaidia. Wewe mwenyeji mwandalie chumba kisicho na vumbi, meza inayofutika, maji ya bomba au ndoo yenye koki na sabuni, na umzuie kila mtu kugusa mrija wake. Akipata homa na kutetemeka saa moja au mbili baada ya kuanza dripu, asimamishe na mwende hospitali saa hiyohiyo. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini hata kikionyesha malaria msirudi nyumbani: mwombeni daktari achukue damu ya kuotesha na aanze dawa za kuua bakteria bila kungoja majibu. Mgonjwa wa namna hii akipewa dawa ya mseto na kuambiwa akapumzike anaweza asifike asubuhi.

Kitu kimoja kabla ya uji

Hatari inayoniogopesha kuliko zote iko kwenye sirinji. Uji mwembamba wenye maziwa unafanana na dripu ya mafuta, na sirinji ya kawaida inayoingia kwenye kanula ya mshipa wa mkononi inaweza kulazimishwa iingie pia kwenye baadhi ya mirija ya chakula. Duniani kote wagonjwa wamekufa kwa kusukumiwa chakula kwenye mshipa na muuguzi aliyechoka au ndugu aliyeachiwa kazi usiku. Ndiyo maana mwaka 2016 kulitolewa kiwango cha kimataifa cha vifaa vya kulisha ambavyo haviwezi kuungana na vya mshipa, lakini bado unaweza kurudishwa nyumbani na vile vya zamani.

Basi omba sirinji kubwa yenye mdomo mrefu mnene, ambao hauingii kwenye kanula. Mgonjwa asitoke hospitali na kanula mkononi kama hakuna dawa ya kudungwa. Kama ipo, funga mkono huo kitambaa cha rangi na uwaambie wote nyumbani kwamba palipo na kitambaa hapaguswi. Kila unapolisha, fuata mrija kwa vidole kutoka mkononi mwako hadi unapoingia mwilini. Fanya hivyo hata kama ulifanya saa tatu zilizopita.

Mafuta yaliyo ndani ya uji

Tumboni mafuta hayahitaji kupasuliwa kiwandani. Nyongo na kongosho hufanya kazi hiyo bure, na hapo mafuta ndiyo rafiki mkubwa wa mtu aliyekonda: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina kama kalori 120, yaani zaidi ya chupa nzima ya dekstrozi.

Tatizo ni uzito wa uji. Uji wenye unga wa kutosha haupiti mrijani, na ukiuzimua kwa maji upite, umempa mgonjwa maji. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilishughulikia jambo hili kwa ajili ya watoto tangu miaka ya 1980, na jibu lao ni la jikoni kwetu: kimea. Loweka ulezi, uchipue siku mbili tatu, uanike ukauke, usage. Pika uji mzito, uache upoe hadi vuguvugu, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache uji unalainika na kutiririka bila kuongezwa maji. Kisha, na hili wengi hulisahau, uchemshe tena, kwa sababu kimea kibichi hubeba vijidudu. Tumia ulezi, si mtama. Chipukizi za mtama zina sumu ya sianidi.

Kwa lita moja na kidogo: gramu 100 za unga wa mahindi, gramu 50 za karanga zilizosagwa laini kabisa mashineni, nusu lita ya maziwa, vijiko vitatu vya chakula vya sukari, na vijiko viwili vya mafuta vinavyotiwa mwishoni uji ukiwa wa moto na kupigwa hadi yasionekane yakielea. Hapo una zaidi ya kalori 1,200. Chuja kwa kitambaa safi au chujio la chai. Karanga zichaguliwe moja moja kabla ya kusagwa, na iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe. Sumukuvu ndiyo iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mgonjwa halina nafasi ya mzigo huo. Mwenye kisukari apangiwe kiasi chake na mtaalamu.

Usimimine mafuta matupu kwenye mrija. Yanaganda ukutani mwake, yanashika chembe za uji, na baada ya siku chache una mrija ulioziba na safari ya kwenda hospitali ya Vwawa. Wala usimpe mafuta au samli kwa mdomo mtu asiyeweza kumeza, hata kijiko cha kulainisha koo. Mafuta hayamkohozi mtu kama maji yanavyomkohoza. Huteremka kimya hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia isiyopona kwa dawa za kawaida.

Mgonjwa akae, au kichwa na kifua viinuke kwa mito, kila mara unapomlisha na kwa saa nzima baadaye. Kabla ya kuanza tazama alama iliyochorwa mrijani karibu na pua. Ikiwa imesogea, usilishe. Ile mbinu ya kupuliza hewa na kusikiliza tumbo haiaminiki, kwani sauti husikika hata mrija ukiwa kwenye pafu. Karatasi ya kupima uchachu wa maji ya tumbo ni bora zaidi, na kipimo cha 5.5 au chini yake kinakuruhusu uendelee. Muulize muuguzi kama anaweza kukupatia. Pitisha mililita 30 za maji yaliyochemshwa, kisha mililita 200 hadi 250 za uji zishuke zenyewe sirinji ikiwa imeinuliwa, bila kusukuma, kwa robo saa au zaidi. Maliza kwa maji tena mililita 30. Rudia mara tano au sita kwa siku. Uji uliokaa saa nne utupwe. Chupa ya chai isikudanganye. Hutunza vijidudu kwa uvuguvugu uleule unaotunza uji. Pika upya mara mbili au tatu kwa siku.

Sasa jambo ambalo upendo hulikosea. Mtu aliyekaa zaidi ya siku kumi bila chakula cha maana asijazwe siku ya kwanza. Mwili uliozoea njaa ukipata sukari nyingi ghafla huvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama katikati ya wiki ile ambayo kila mtu alidhani anapata nafuu. Aanzie kama kalori 10 kwa kilo, yaani kalori 500 kwa mtu wa kilo 50, ambazo ni kama vikombe viwili vya uji ule vilivyogawanywa kutwa. Apandishwe taratibu kwa siku nne hadi saba. Mwombe daktari vidonge vya thiamini kabla ya kuanza, na vipimo vya chumvi za damu kama vinapatikana. Miguu ikivimba, akipumua kwa shida au akichanganyikiwa siku hizo, rudi hospitali.

Mrija ukiziba, jaribu maji ya vuguvugu ukivuta na kusukuma kidogo kidogo kwa sirinji kubwa, kisha uache robo saa na ujaribu tena. Usitumie waya, wala soda, ambayo hugandisha maziwa. Wa puani ukitoka, usiurudishe mwenyewe. Wa tumboni ukitoka, funika tundu kwa kitambaa safi na uanze safari siku hiyohiyo, iwe hospitali ya Mbozi Mission au ya Vwawa, kwa sababu tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Beba mrija uliotoka, hata kama ni mchafu, ili wajue ukubwa wa kuweka.